Tabaka la Tatu

Kila alasiri akirudi kutoka shuleni, kabla hata ya kuvua viatu, Chapu alikung'uta nywele za mama yake. Tangu asubuhi mama alikuwa akikata sponji, na vumbi lake la njano lilikuwa limemkaa kichwani, shingoni na kwenye nyusi.

"Inama kidogo, mama."

Mama aliinama bila kutoka kwenye cherehani. "Leo nimezeeka kiasi gani?"

"Mvi si nyingi. Jana ulikuwa bibi kabisa."

Mama alicheka kidogo tu, kama mtu anayetunza nguvu zake, kisha akanyoosha kifundo cha mkono wa kulia ambacho kilimuuma kila ikifika saa hiyo. Chapu alikisugua kwa kidole gumba mpaka mama akasema, "Basi, mwanangu. Nenda kale. Nimekufunikia chakula."

Mama alikuwa fundi cherehani, lakini hakushona nguo za watu. Alishona makoti ya vitu: makoti ya madumu, ya ndoo, ya chupa na ya visanduku vya barafu. Wauza maji baridi na wauza juisi walimjua wote. Nje ya koti aliweka kitambaa kigumu, katikati sponji, na ndani karatasi inayong'aa kama kioo. Mtu akija na kitambaa cha suruali, mama alimwonyesha nyumba ya fundi mwingine.

"Koti halina baridi yake," alizoea kusema. "Linalinda baridi ya mwenzake."

Chapu alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Jina lake halisi lilibaki kwenye daftari la mahudhurio. Nyumbani na mtaani alikuwa Chapu tu, kwa sababu alizaliwa kabla mkunga hajaweka mkoba wake chini. Tangu hapo alifanya kila kitu mbio. Alikula mbio, aliandika mbio, na hata kufagia alifagia kama anayefukuza kuku. Kazi yake katika ushonaji ilikuwa kupanga sponji kwenye vitako vya makoti, maana mikono yake ilikuwa midogo na iliingia vizuri mpaka pembeni. Ubavuni mwa koti kulikuwa na matabaka mawili ya sponji. Kwenye kitako kulikuwa na matatu.

"Kwa nini chini matatu, mama, wakati hapaonekani?" aliwahi kuuliza.

"Mzigo wote unakaa hapo na kuikandamiza sponji. Tena joto la sakafu linapandia hapo hapo."

Siku moja muuza juisi wa mtaani, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka mbali, aliingia akiwa amebeba koti la kisanduku chake kichwani kama kofia.

"Fundi, mtoto wako huyu ananilia," alisema, akaliweka mezani. "Tangu asubuhi chini ni maji matupu. Wateja wananiuliza kama nimebeba mtoto mchanga."

Mama aliligeuza koti na kupapasa kitako. Nje palikuwa na unyevu. "Barafu yako inakaa mpaka saa ngapi?"

"Zamani mpaka jioni. Sasa hivi saa sita nauza uji."

Chapu alicheka mpaka akakaa chini. Mama naye alitabasamu. "Sponji ya chini imekwisha, dada. Limekutumikia miaka minne. Njoo uguse, Chapu. Koti likitoka jasho upande wa nje, ujue baridi inavuja. Koti lililo zima huwa kavu nje, hata ndani kuwe na barafu tupu."

Chapu aligusa. Kitako kilikuwa cha baridi na maji maji, kama pua ya mbwa.

"Lishone vizuri," alisema muuza juisi. "Mume wangu nikimkosa naweza kuishi. Koti hili siwezi." Kabla ya kuondoka alimwachia Chapu chupa ya juisi, akaipitisha nyuma ya mgongo wa mama ili mama asianze kukataa.

Wiki iliyofuata alikuja nesi wa zahanati. Alikuwa mwanamke mwembamba, na viatu vyake vilikuwa vimelika upande mmoja kwa kutembea. Alitaka mifuko midogo kumi na miwili, yenye ukubwa wa kutosha vichupa vya dawa na pakiti moja ya barafu.

"Ni ya wagonjwa wa kisukari," alieleza. "Wanaotumia sindano za insulini na hawana friji nyumbani. Dawa hii haitaki joto, na haitaki kuganda pia. Barafu itaviringishwa kwenye kitambaa ili isiguse kichupa. Mfuko ukiwa mzuri, barafu watakayoichukua zahanati asubuhi itafika mpaka jioni, na usiku hakuna joto kali."

Chapu aliinua kichwa kutoka kwenye sponji. "Nesi, na Kicheko atapata?"

"Yule wa babu fundi viatu? Wa kwanza kwenye orodha."

Kicheko alikuwa jirani yake Chapu kwenye dawati. Alipewa jina hilo kwa sababu akianza kucheka darasa lote lilifuata, na mwalimu mwenyewe aligeukia ubaoni ili asionekane. Alikuwa na kisukari tangu akiwa na miaka saba, na aliishi na babu yake katika chumba kimoja chenye paa la bati. Dawa yake waliihifadhi kwenye friji ya bucha. Mwenye bucha alikuwa mtu mwema na hakuwahi kuomba kitu kwa ajili ya nafasi hiyo, lakini alifungua saa moja na nusu. Kicheko hakuweza kula kabla ya sindano, wala kupata sindano kabla ya bucha kufunguliwa. Kila siku alifika shuleni amechelewa, akihema.

"Usinicheke," alimwambia Chapu mara moja. "Dawa yangu inalala na maini. Nikikosea nitajidunga supu."

Mama na Chapu walianza kazi hiyo siku ileile. Asubuhi mama alikata, mchana alishona, na alasiri Chapu alipanga vitako. Siku ya Alhamisi, vitako tisa vilikuwa tayari, sponji ikaisha.

"Nenda kwa fundi magodoro," mama alisema. Alikuwa akiongea huku amefumba macho na sindano ya cherehani imesimama. "Ameniwekea mabaki mazuri. Vitako vitatu tu vimebaki. Nesi anakuja kesho asubuhi."

Fundi magodoro alikaa upande wa pili wa mji. Kwenda tu ni karibu saa nzima kwa miguu. Siku hiyo shuleni walikuwa wamebeba matofali ya jiko jipya, na kabla ya hapo, alfajiri, Chapu alikuwa amechota maji safari nne kwa sababu mkono wa mama haukuweza kuinua ndoo. Miguu yake ilikuwa mizito kama ya kuazima. Alitaka kusema, "Mama, nimechoka." Lakini alimtazama mama, uso wake umekuwa mdogo kwa uchovu, akaona aibu. Mtu aliyechoka kiasi kile anaambiwaje na mtoto kuwa mtoto naye amechoka?

"Nakwenda," alisema.

Alifika mpaka nyuma ya duka la vyombo, pale palipokuwa na kivuli. Akakaa chini kidogo tu, apumzishe miguu. Alipozinduka, kivuli kilikuwa kimehama na jua lilikuwa linampiga usoni. Asingeweza tena kwenda na kurudi kabla ya giza.

Pembeni yake kulikuwa na maboksi matupu ya vyombo, yaliyotupwa. Chapu alilitazama boksi moja kwa muda mrefu. Alilikunja mara tatu, akalibonyeza. Lilikuwa na unene uleule. Likifunikwa kwa karatasi ya kung'aa, nani atajua? Pale ni chini. Hakuna anayetazama chini.

Alirudi nyumbani, akakaa kwenye kona yake na kukata boksi mbio mbio, vipande vitatu. Akavitia kwenye mifuko mitatu ya mwisho, akafunika kwa karatasi ya kung'aa na kubandika kingo. Mama alishona juu bila kutazama ndani.

Nyumba hiyo ilikuwa na desturi moja. Hakuna koti lililotoka bila kulala na barafu. Mama aliweka barafu ndani, akafunga zipu, na halikuguswa tangu asubuhi mpaka jioni. Likifunguliwa, barafu ionekane. Lakini safari hii siku zilikuwa zimewabana. Mama alikuwa amepata nafasi ya kulaza mifuko miwili tu, ile ya mwanzo, nayo ilifaulu vizuri.

"Chapu," alisema, "vitako vyote vina matabaka matatu?"

"Vyote, mama."

"Vyote kumi na viwili?"

"Vyote."

"Ahsante, mwanangu. Basi mingine tusiilaze. Nimechoka, Mungu anaona." Akaenda kulala na vumbi lake la njano kichwani, hata halijakung'utwa.

Jumatatu Kicheko alifika shuleni kabla ya kengele. Alisimama mlangoni mwa darasa, mikono kiunoni.

"Mnaona nini?" aliuliza.

"Mzimu," akasema mvulana mmoja wa dawati la mbele. "Kicheko hafiki kabla ya kengele."

"Mzimu mwenye mfuko! Chapu, mfuko wenu huo, we acha tu. Unang'aa ndani mpaka babu amejinyolea ndevu humo." Darasa zima likacheka. Kicheko alikaa, akamnong'oneza Chapu, "Leo nimekula chai polepole. Unajua ni miaka mingapi sijala chai polepole?"

Chapu alicheka na wenzake, lakini kicheko chake kilikwama njiani. Mifuko ni kumi na miwili, alijiambia. Ya boksi ni mitatu. Kwa nini mmoja uwe wa Kicheko?

Wiki ya kwanza ikapita. Wiki ya pili Kicheko akaanza kuomba maji. Alikunywa chupa yake, akanywa ya Chapu, akaomba ruhusa ya kwenda chooni, akarudi, akaomba tena. Mwalimu alimwambia, "Wewe, umemeza samaki?" Kicheko hakujibu kwa utani kama kawaida yake. Aliweka kichwa juu ya dawati, na somo lilipoisha Chapu alilazimika kumwamsha.

"Unaumwa?"

"Nimechoka tu. Nachoka hata nikikaa."

Jumatano hakuja. Alasiri Chapu alichukua daftari lake ili amnakilie masomo, akaenda kwao.

Babu alikuwa amekaa mlangoni na kiatu kimoja magotini, lakini hakuwa akishona. Chumba kilikuwa cha joto kama ndani ya kofia. Kicheko alilala kwenye mkeka, midomo imekauka.

"Karibu, mjukuu wangu," babu alisema. "Mwenzako leo hana utani. Nesi alipita asubuhi, akampima, sukari imepanda sana. Anashangaa. Sindano hatujakosa hata moja. Amesema kesho saa mbili atakuja amwongezee kipimo cha dawa."

Mfuko ulikuwa sakafuni, karibu na ukuta. Chapu aliinama kana kwamba anaweka daftari, akaunyanyua. Sakafu chini yake ilikuwa na duara la maji. Akapapasa kitako. Kilikuwa cha baridi na maji maji, kama pua ya mbwa.

"Babu," aliuliza, "barafu inakaa mpaka saa ngapi?"

"Ah, ikifika saa tano imeshakuwa maji. Mimi nilidhani ndivyo ilivyo. Kitu umepewa kwa wema, utaanzaje kukilalamikia?"

Chapu aliuweka mfuko chini polepole. Pengine ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuweka kitu polepole. Aliaga, akatoka, na alipofika barabarani akaanza kukimbia. Halafu akasimama. Akienda nyumbani itabidi aseme. Akinyamaza, nesi atakuja kesho, ataongeza dawa, huenda Kicheko apone na hakuna atakayejua. Huenda. Alisimama hapo mpaka mpita njia mmoja, mwanamke aliyebeba mboga, akamshika bega na kumuuliza, "Mwanangu, umepotea?"

"Hapana, shikamoo. Nakwenda nyumbani."

"Marahaba. Basi nenda, mama. Usisimame juani."

Mama alikuwa amelala juu ya rundo la vitambaa, mkono wa kulia umefungwa kitambaa cha maji moto. Chapu alipiga magoti karibu naye. Alitamani sana kumwacha alale.

"Mama, amka. Mama, nimekudanganya."

Alieleza yote: kivuli, usingizi, boksi, karatasi ya kung'aa, duara la maji chini ya mfuko. Alitarajia kofi, au kelele. Mama alitazama mkono wake uliofungwa. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Nesi atamwongezea dawa lini?"

"Kesho saa mbili."

"Vaa viatu."

Walitembea mpaka zahanati. Mama alikuwa akivuta mguu kwa uchovu, na kila Chapu alipotaka kumshika mkono aliogopa. Karibu na lango mama mwenyewe aliunyoosha, Chapu akaushika.

Nesi alikuwa akiosha mikono, tayari kwenda nyumbani. "Sema wewe," mama alimwambia Chapu. "Nami nina langu, nitalisema baadaye."

Chapu alisema. Alianzia kwenye kivuli, akamalizia kwenye duara la maji. Nesi alifunga bomba la maji na kukaa kwenye benchi.

"Insulini ikikaa kwenye joto siku nyingi," alisema taratibu, "inapungua nguvu. Haibadiliki rangi kila mara, wala hainuki. Unaidunga ukidhani umepata dawa, kumbe umedunga maji tu. Kesho ningemwongezea kipimo. Kisha siku angefungua kichupa kipya chenye nguvu zake zote, kipimo kile kikubwa kingeshusha sukari yake ghafla, na angeweza kuzimia usingizini. Umenielewa?"

"Ndiyo," Chapu alisema, machozi yakimtiririka.

"Umekuja kabla ya saa mbili ya kesho. Hilo nalo ulishike moyoni. Usishike ubaya peke yake."

"Mimi langu ni hili," mama alisema. "Mfuko wowote kwangu unalazwa na barafu kabla ya kutoka. Yako sikuilaza yote. Ningeilaza, boksi lingejitangaza lenyewe siku ileile. Kosa si la mtoto peke yake."

Nesi aliwatazama wote wawili, fundi na bintiye, wamesimama na vumbi la njano kwenye nguo. Alivaa tena koti lake jeupe. "Nyumbani kwangu watakula bila mimi," alisema. "Twendeni kwa babu."

Jioni hiyohiyo Kicheko alipelekwa hospitali kwa gari la zahanati. Alipewa dawa isiyoharibika na maji ya mshipa, akalazwa siku tatu. Wagonjwa wengine kumi na mmoja wakaitwa walete mifuko yao, na dawa zao zikahifadhiwa kwenye friji ya zahanati. Mfuko wa pili wenye boksi ulikuwa wa mzee mmoja aliyeuweka kabatini, anautunza kwa ajili ya safari. Hakuwa ameutumia hata siku moja. Wa tatu ulikuwa wa mwenye duka la vitabu, naye nesi alimbadilishia vichupa vyote.

Ijumaa, siku ya pili, Chapu alikwenda hospitali. Kicheko alikuwa ameegemea mto, anakula uji kwa kijiko.

"Nesi ameniambia," alisema kabla Chapu hajafungua mdomo.

"Nisamehe."

"Ulinipa boksi."

"Nilikupa boksi."

Kicheko alikoroga uji. "Hata yale maini ya bucha yalinitunza kuliko wewe," alisema. Ulikuwa utani, lakini hakuna aliyecheka. Chapu alikaa pale ukutani mpaka saa ya wageni ikaisha. Alipotaka kuondoka, Kicheko alisukuma kikombe tupu kuelekea kwake. Chapu akakichukua, akakiosha na kukirudisha. Kwa siku hiyo ilitosha.

Jumamosi asubuhi Chapu alitembea mpaka kwa fundi magodoro. Alitembea, hakukimbia, na ilimchukua saa nzima kweli. Fundi magodoro, mzee mwenye nyuzi masikioni, alimwonyesha furushi la sponji lililofungwa kwa kamba pembeni ya mlango. Kando yake kulikuwa na kigoda.

"Mzigo wako unakusubiri tangu wiki ile ya juzi," alisema. "Nilikuwekea na kigoda. Nikasema, mtoto anatoka mbali, akifika apumzike kwanza, nimtafutie mtu mwenye baiskeli amrudishe. Mbona hukuja?"

Chapu alikaa kwenye kigoda, akainamisha uso. Kigoda kilikuwa pale siku zote zile, na yeye akalala nyuma ya duka la vyombo.

"Nilichoka, babu," alisema. "Sikusema."

"Ungesema," mzee alijibu, kisha akaenda kumwita mwenye baiskeli.

Siku hiyo walifumua mifuko yote kumi na miwili, hata ile mizuri. Mama alikata nyuzi kwa wembe, Chapu akatoa maboksi matatu. Lile la mfuko wa Kicheko lilikuwa limelowa na kuoza, lilikatika vidoleni kama mkate ndani ya chai. Mama alilipokea. Aliliweka juu ya meza pale walipoweza kuliona wote wawili, wakaendelea na kazi.

Walipofika kitako cha tisa, Chapu aliweka mkono ndani akahesabu kwa sauti. "Moja. Mbili. Tatu." Kisha akaacha mikono ikaanguka magotini. "Mama, nimechoka. Mkono unatetemeka. Nikiendelea nitapanga vibaya."

Mama alizima cherehani. Alivuta kiti, akakaa mbele ya mtoto wake na kumshika viganja vyote viwili.

"Umeona ulivyosema sasa? Hilo ndilo nililokuwa nalitaka siku ile. Nisikilize, mwanangu. Kuchoka si kosa. Mimi nachoka, nesi anachoka, viatu vyake si unaviona? Mtu aliyechoka huomba msaada, hupumzika, au humwambia mwenye kazi, ngoja kesho. Wewe uliuficha uchovu wako ndani ya mfuko na kushona juu. Mfuko ukatoka, ukaenda mpaka kwa Kicheko, ukamlaza yeye. Kila unachokifanya kuna mahali pasipoonekana, na mtu mwingine anaweka maisha yake hapohapo. Weka tabaka la tatu. Ukishindwa kuliweka, sema. Na mimi nikuulize vizuri, nisikuulize kama mtu anayetaka kusikia ndiyo."

"Ulikuwa umechoka wewe, mama. Niliona aibu."

"Basi siku nyingine tuchoke kwa sauti," mama alisema, akamfuta machozi kwa upindo wa gauni. Chapu akacheka akilia.

Vitako vya mwisho walivimalizia kesho yake. Kwenye kila kitako cha mifuko yote kumi na miwili, upande wa nje, Chapu alishona kwa mkono mshono mdogo wa uzi wa chungwa, alama yake, ili mtu yeyote akitaka kumjua aliyefanya kazi ya chini amjue. Jumatatu ilikuwa sikukuu, shule haikufunguliwa. Asubuhi muuza juisi alileta ndoo nzima ya barafu, amebeba kichwani huku akipiga kelele, "Nani kaniambia niamke mapema hivi? Si urafiki huu, ni adhabu!" Wakaweka barafu kwenye mifuko yote kumi na miwili na kufunga zipu.

"Sasa tunafanya nini?" Chapu aliuliza.

"Tunalala," mama alisema. "Barafu haiharakishwi."

Wakatandika mkeka katikati ya mifuko. Mara mbili Chapu alinyanyua kichwa akitaka kuchungulia, na mara mbili mama, akiwa amefumba macho, alimrudisha chini kwa kiganja. "Ukifungua unaingiza joto. Lala." Mara ya tatu alilala fofofo.

Aliamshwa na mlango ukigongwa. Jua lilikuwa limeshuka. Nje walisimama Kicheko na babu yake, wamekuja kuchukua mfuko. Kicheko alikuwa amekonda, lakini alisimama wima. Hakumsalimia Chapu. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye mifuko, na mama akamwonyesha wake. Aliuinua, akaugeuza, akapapasa kitako kwa kiganja chote, taratibu, mpaka pembeni. Akaugusa ule uzi wa chungwa.

"Kavu," alisema.

Akafungua zipu. Ndani, kwenye mng'ao, barafu ilikuwa bado imekaa, ngumu na nyeupe, imepungua kwenye kona tu.

Kicheko alimtazama Chapu, akazitazama nywele zake zilizojaa sponji kutoka mkekani.

"Na wewe," alisema, "kumbe umeshazeeka." Na akaanza kucheka. Babu akafuata, mama akafuata, na Chapu akainama mbele ya Kicheko ili amkung'ute.